Kinachobaki Jamvini

 

Jioni hii nataka kukusimulia ziara yangu ya Pemba, katika kiwanda cha kutoa mafuta ya mimea. Lakini siwezi kuanzia kiwandani. Lazima nianzie jamvini, maana bila jamvi lile nisingeelewa nilichokuwa nakitazama.

Nilipokuwa mdogo, msimu wa karafuu ukiingia nilipelekwa shamba kwa bibi yangu. Mchana watu wazima walikuwa juu ya mikarafuu, ngoe mkononi, wakivuta matawi na kuchuma. Jioni mapakacha yalishushwa uani, na baada ya sala ya isha kazi ya usiku ikaanza: kuchambua. Tulikaa duara, kandili katikati. Bibi alishika kishada cha karafuu mbichi kwa mkono wa kulia, akakizungusha juu ya kiganja cha mkono wa kushoto, na karafuu zikaanguka kama matone ya kwanza ya mvua juu ya makuti. Mkononi kikabaki kijiti kitupu chenye vitawi vidogo vidogo. Alikirusha upande wa pili wala hakukitazama. Vijiti hivyo, msikilizaji, ndivyo makonyo.

Karafuu zilipimwa kwa pishi, na asubuhi zilitandazwa juani. Zilisubiriwa, zililindwa, mvua ikinyemelea zilikimbiliwa mbio. Makonyo yalipata jamvi chakavu pembeni. Mimi, kwa akili ya mtoto, niliona ni taka. Usiku mmoja nikamwuliza bibi kama nikayatupe jalalani. Akasema, "Yaache, mjukuu wangu. Nayo yana mwenyewe."

Sikumwuliza mwenyewe ni nani. Usingizi ulinichukua pale pale, mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu, harufu imenijaa puani hadi ndotoni. Nimekaa na lile neno miaka mingi. Safari hii nimekwenda kumtafuta mwenyewe wa makonyo.

Yupo Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Pale pana kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambacho Wapemba hukiita kwa jina la kile kinacholishwa kila siku: kiwanda cha makonyo. Si kiwanda cha kukutisha kwa ukubwa. Wageni wanapokewa na kutembezwa. Nawe hutakikosa, kwa sababu harufu inakuja kukupokea barabarani kabla hujaliona paa.

Nilipoingia nilimkuta mzee mmoja amesimama karibu na lundo la makonyo makavu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu." Kisha akachota makonyo kwa viganja viwili na kunipa, kama mtu anavyompa mgeni maji. Nikayanusa. Msikilizaji, miaka ilirudi yote kwa pamoja: kandili, duara, mikono ya bibi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana ni nzuri na haina uchawi.

Kamusi zetu zina neno kukeneka. Maana yake ni kuchemsha kitu mpaka kitoe mvuke, ukaudaka ule mvuke, ukaupoza, ukarudi kuwa majimaji. Neno si la kila siku, lakini jambo lenyewe unalijua kutoka jikoni kwako. Pika pilau, funika sufuria, kisha funua kifuniko ukielekeze upande. Yale matone yanayotiririka chini ya kifuniko ni mvuke uliokenekwa. Ukiyanusa, utakuta yana hiliki na bizari. Maji yamepanda na harufu imepanda nayo. Mtambo mzima wa Wawi, matangi yake na mabomba yake, ni sufuria na kifuniko, ila hapa kifuniko kimetengenezwa kisipoteze hata tone.

Makonyo hujazwa ndani ya tangi. Mvuke wa maji huingizwa kutoka chini, ukapenya katikati ya vijiti. Joto linavifungua vijifuko vidogo vya mafuta vilivyomo ndani ya konyo, na mafuta yanachukuliwa na mvuke. Hapa pana jambo lililonishangaza. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kinachoitwa yujino, na yujino ukiichemsha peke yake haichemki mpaka ifike nyuzi joto zipatazo 254 za Selsiasi. Joto hilo lingeunguza kila kitu. Lakini ikifuatana na mvuke wa maji, inapanda kabla hata ya kufika nyuzi 100. Maji na mafuta, wasiopatana ndani ya chungu, wanasafiri pamoja wakiwa mvuke. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mvuke huo mzito hupita ndani ya bomba linalozungukwa na maji baridi. Ukishapoa unageuka majimaji meupe, kama maji uliyosuuzia bakuli la tui, na kudondoka kwenye chombo cha kupokelea. Kazi haina haraka. Makonyo yanaweza kukaa kwenye mvuke saa nyingi, pengine kutwa nzima, mpaka yatoe yote.

Kisha ndipo nilipoonyeshwa kile ninachotaka ukikumbuke. Kijana aliyenitembeza alichukua gilasi mbili za maji. Katika ya kwanza alidondosha mafuta ya mchaichai. Yakabaki juu, yakielea, manjano, kama mafuta ya kupikia yanavyoelea juu ya mchuzi. Katika ya pili alidondosha mafuta ya karafuu. Yakazama. Tone lilikwenda moja kwa moja hadi chini ya gilasi, likatulia pale, mviringo, linang'aa kama jicho la samaki.

Mafuta mengi tunayoyajua huelea. Ya karafuu ni mazito kuliko maji. Kwa hiyo mkenekaji wa mchaichai huyateka mafuta yake juu, na mkenekaji wa karafuu huyangoja chini. Asiyejua hilo angemwaga mali yake akidhani anamwaga maji.

Na hata maji yale meupe yanayobaki hayatupwi ovyo na anayejua kazi. Bado yamebeba mafuta kidogo, na katika ukenekaji wa karafuu ni kawaida kuyarudisha mtamboni yachemke tena.

Nikauliza: ukiweka kilo 100 za makonyo makavu, unapata nini? Kwa makonyo mema ni kama kilo 5 au 6 za mafuta. Karafuu zenyewe zingetoa zaidi, kilo 15 hata 20. Majani ya mkarafuu hutoa kidogo, kama kilo 2 au 3. Lakini sikiliza hili. Ile yujino, ambayo ndiyo nguvu ya mafuta ya karafuu, mara nyingi imekolea zaidi katika mafuta ya konyo kuliko katika mafuta ya karafuu yenyewe. Konyo lina mafuta machache, ila makali. Kijiti ambacho bibi alikirusha pembeni kimebeba kitu kile kile kinachoifanya karafuu kuwa karafuu.

Kuna jambo jingine la kiwanda hiki ambalo sikulitarajia. Nilipewa kunusa mafuta ya majani ya mdalasini. Nikangoja harufu ya chai ya maziwa, harufu ya mandazi. Iliyokuja ilikuwa ya karafuu. Gome la mdalasini lina harufu yake tuijuayo, lakini jani lake limejaa yujino, kama mkarafuu. Miti miwili tofauti, na ndani ya jani moja kuna siri ya jirani yake. Nimekuwa nikiipita midalasini maisha yangu yote, sikuwahi kufikicha jani.

Msikilizaji, nikiwa pale nilijiuliza: mimea hii ni ya kwetu kweli?

Mkarafuu hapa si wa asili. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, visiwa kama Ternate na Tidore. Kwa muda mrefu Wareno, na baada yao Waholanzi, walipigania kuwa wao tu wenye biashara yake. Mwaka 1770 miche ilitolewa huko kwa mpango wa Mfaransa Pierre Poivre, ikapandwa Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Sayyid Said bin Sultan aliposhika hatamu hapa, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkarafuu ulipofika, jembe hawakupewa waliouleta. Walipewa watu waliotekwa bara, wakaletwa kwa nguvu, wakafyeka na kupanda na kupanda juu ya miti hiyo bila ujira. Utumwa ulikuja kuondolewa uhalali wake wa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Siwezi kukusifia harufu ya karafuu nikanyamaza kuhusu hilo. Wajukuu wa watu wale ndio wengi wetu tunaochambua leo, na mkarafuu umekuwa wa kwetu kwa haki hiyo kwanza, haki ya jasho, kabla ya haki nyingine yoyote.

Kisha mwaka 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba la karafuu la Zanzibar, mpaka leo sehemu kubwa ya mikarafuu iko huko. Mti uliokuja ugenini umekaa miaka mia mbili, tumeuzalia majina, methali na misimu. Watu wa Pemba huhesabu matukio ya maisha yao kwa msimu wa karafuu: mwaka ule zilipozaa sana, mwaka ule zilipokosa. Mimi nasema huyo ni mwenyeji.

Lakini sikiliza nani alikuwa mwenyewe wa makonyo zamani. Katika enzi za ukoloni makonyo mengi ya Zanzibar yalipakiwa magunia kwa magunia melini, yakakenekwa Ulaya. Mafuta yakawa yao. Yaliingia katika dawa, katika sabuni, katika manukato. Kwa miaka mingi yujino ya karafuu ilitumika viwandani kutengenezea hata vanilini, ile ladha ya vanila ya bandia. Sisi tulibaki na mikono myeusi. Wao walipokea kijiti, wakainyima hewa nafasi ya kukiibia harufu.

Ndiyo maana mtambo wa Wawi unanigusa moyo. Harufu ni mali inayokimbia. Inaondoka bila kuaga. Shamba zima la karafuu linaweza kunukia mpaka baharini, na hakuna anayelipwa kwa upepo. Analipwa mwenye chombo cha kuidaka.

Na ujuzi wa kuidaka si wa kigeni kwetu kama tunavyodhani. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi aliandika kitabu kuhusu manukato na ukenekaji. Jina la chombo cha kukenekea kwa lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Kiarabu al-anbiq. Wengi wetu tuna ndugu Oman, na wao wanajua Jabal al-Akhdar, mlima wa mawaridi. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, wanavijiji wa huko huchuma mawaridi alfajiri na kuyatia katika vyungu vilivyojengewa ndani ya jiko la udongo. Ndani ya chungu kunawekwa bakuli, na juu yake linafunikwa bakuli jingine la shaba lenye maji baridi. Mvuke ukigusa shaba iliyopoa, unadondoka kwenye bakuli la ndani. Hakuna bomba, hakuna tangi la chuma. Marashi yanayotoka yana harufu ya moshi wa kuni, na ni hayo yanayotiwa kwenye halua na kahawa. Tukiutikisa mrashi harusini kwetu, tunanyunyizia wageni kazi ya mitambo ya namna hiyo.

Tazama na majirani zetu wa Komoro. Ua la mlangilangi, ambalo kwetu mabibi huvaa nywelini na kulisokota kwenye kikuba, kule ni nguzo ya uchumi. Komoro ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta ya langilangi, yanayotumiwa na watengenezaji wa manukato wa Ufaransa. Maua huchumwa asubuhi mapema, na mafuta ya saa za kwanza mtamboni huuzwa mbali na ya saa za mwisho, kwa bei ya juu zaidi. Madagaska nao hukeneka majani ya mkarafuu katika mitambo midogo ya vijijini, mingine ya shaba.

Najua wakisikia mtambo wa kukeneka, wengi hufikiri gongo. Ni kweli kanuni ni moja. Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965 kuisimamia pombe ya kukeneka, na Nairobi leo yupo anayetengeneza pombe ya jini kwa matunda ya mtarakwa, mti wa asili wa milima ya Kenya. Chombo hakichagui. Kinatoa roho ya kile ulichokitia. Swali ni sisi tunatia nini, na faida inabaki kwa nani.

Nikupe tahadhari moja kabla sijaendelea, maana mafuta haya yamo katika nyumba nyingi. Yujino inatuliza maumivu, na ndiyo sababu madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Jino likikuuma usiku, pamba yenye tone la mafuta ya karafuu itakupa nafuu mpaka umfikie daktari. Lakini usiyapake matupu mengi kwenye fizi, yanaunguza. Na chupa uiweke mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa hata kijiko kidogo cha chai, ini lake linaweza kudhurika vibaya. Kitu chenye nguvu kinataka heshima.

Mti nao unataka heshima. Majani yana mafuta, na mtu mwenye haraka anaweza kuuvua mkarafuu majani yote. Mti uliovuliwa hauzai vizuri msimu unaofuata. Kukeneka kwa busara ni kuchukua makonyo, ambayo karafuu zimekwisha kuyaacha, na majani yaliyodondoka au ya matawi yaliyopogolewa. Ndiyo sababu makonyo ni baraka: ukiyachukua, hujauomba mti kitu kipya. Umekula ulichokwisha kupewa.

Na natamani tusiishie kwenye karafuu. Tuna mrehani uani. Tuna kilua, ua ambalo Mpemba akilitaja anatabasamu kabla hajamaliza neno. Tuna mchaichai unaoota pembezoni mwa kila kisima, na mkalitusi. Wawi wanajua kukeneka zaidi ya mmea mmoja. Ningependa kuona mitambo midogo katika vikundi vya kina mama, huko huko mashambani, kazi ya kuchambua na kazi ya kukeneka zikikaa uani pamoja. Wao ndio wanaojua ua lipi linanukia alfajiri na lipi linangoja magharibi. Wanaosokota vikuba na kutwanga singo ya bi harusi ni mafundi wa manukato tayari. Wamekosa mtambo tu.

Nilipoaga, yule mzee aliniuliza, "Umepata ulichokifuata, mwanangu?" Nikamwambia habari ya bibi na yale makonyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi yako alisema kweli. Ila siku hizi mwenyewe tunamjua."

Nilinunua chupa moja ndogo, urefu wa kidole. Kesho yake nikapanda boti Mkoani kurudi Unguja. Katikati ya safari kifuniko kililegea ndani ya mkoba wangu, na matone machache yakamwagika kwenye kitambaa. Ilitosha. Harufu ikajaa sebule nzima ya boti.

Mbele yangu alikuwa amekaa bibi mmoja mtu mzima sana, amejifunika buibui, amesinzia tangu tuondoke gatini. Nikamwona anainua kichwa. Hakufungua macho. Mkono wake wa kulia ukajikunja taratibu, ukaanza kuzunguka juu ya kiganja cha kushoto. Kisha akamgusa binti aliyekaa naye, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, karafuu zimeiva?"